Vidole Vinne

Jumapili ile fundi alishindwa kuinuka. Kwaya imesimama, waumini wote wamesimama, yeye kabaki benchi la tatu, magoti yamemkatalia, kalishika benchi la mbele yake kwa mikono miwili kama mtu anayesukuma gari lililozimika. Wimbo ukaisha, watu wakaketi, wakamkuta ameketi. Wengine walidhani alikuwa anasali.

Mabenchi yale aliyatengeneza mwenyewe, yote ishirini na mawili, miaka thelathini na tisa iliyopita. Mchungaji wa wakati ule alisema benchi la juu hulea usingizi, na fundi, kijana ambaye miguu yake ilikuwa bado inamtii, akakata miguu mifupi. Akaketi kujaribu. Yakamfaa. Fundi hupima kwa mwili alio nao siku hiyo.

Baada ya ibada, nyumbani alikoroga uji, akauacha upoe. Marehemu mkewe aliacha kwenda kanisani miaka miwili kabla ya kufa. Kila Jumapili sababu: mara kichwa, mara nguo haijakauka, mara kuna mgeni njiani. Fundi alimvumilia, kisha akachoka kuvumilia. "Sema tu kwamba Mungu umemchoka," alimwambia siku moja. Mkewe alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua.

Na sasa shemeji yake, mdogo wa kike wa marehemu, alikuwa na Jumapili ya tano hajaonekana.

Jumatatu fundi alichukua futi kamba akaenda kwake.

"Karibu, shemeji. Umekuja kunipimia jeneza?"

"Goti. Kanyaga chini vizuri."

"Mwanamume ananipima goti mchana kweupe, mlango wazi. Majirani leo hawatalala."

"Majirani zako hawaoni hata mlango wao."

Alipima kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, akaandika kwa kalamu kiganjani, maana karatasi aliisahau. Kisha akauliza, bila kuinua uso, "Dada yako naye ilikuwa hivi?"

"Alinikataza nisikwambie. Yale mabenchi ulikuwa unayasifu kama watoto. Angekwambiaje kwamba kazi ya mikono yako inamshinda kuinuka? Siku moja wanawake wawili walimnyanyua kama gunia, watu wanaona. Hakurudi tena."

Fundi aliikunja futi kamba. Alichukua muda mrefu kuikunja.

Katibu wa kanisa, mtu mwema asiyependa jambo la ghafla, aliposikia habari ya kuinua mabenchi alimwomba asubiri kamati ikae kwanza.

"Ikae kwenye benchi la mbele," fundi alisema. "Ikiweza kuinuka, nitaacha."

Katibu alicheka, akampa ufunguo.

Alikusudia kumaliza mabenchi manne kabla ya Jumapili. Kazi yenyewe si kubwa: kuongeza kila mguu kipande cha mbao, gundi na misumari. Lakini msumeno uliokuwa ukipita mara moja sasa ulimpumzisha mara tatu, na sakafu ya kanisa imeinamia mlangoni ili maji ya kudekia yatoke, kwa hiyo kila mguu ulitaka kimo chake. Alilala kifudifudi kwenye saruji kutazama, halafu akabaki hapo akijiuliza atainukaje. Jumatano jasho lilikuwa limekifuta kipimo cha kiganjani. Aliona haya kurudi kupima tena. Akaenda jikoni kwake, akapima kile kiti kilicho kando ya mlango, alichomtengenezea mkewe, na mkewe alikuwa akiinuka hapo siku zote bila msaada. Kilizidi benchi kwa vidole vinne. Jumamosi jioni lilikuwa limekamilika benchi moja, la mbele.

Jumapili shemeji aliingia na mkongojo, akaketi benchi la mbele. Wimbo ulipoanza aliweka viganja juu ya mapaja, akainama mbele. Ubeti wa kwanza ulipita. Katika wa pili akawa amesimama, peke yake, mkongojo ukiwa bado umeegemea benchi.

Fundi aliona mgongo wake tu, kutoka benchi la tatu, ambalo bado lilikuwa fupi. Hakujaribu kuinuka.

Ibada ilipokwisha, shemeji alirudi nyuma hadi alipoketi fundi.

"Toa mkono."

"Nitakuangusha."

"Tutaanguka wote, angalau wapate la kuzungumza. Toa."

Aliutoa. Walivutana mpaka akasimama, wakabaki hapo wakihema.

"Benchi lako limenizidi," shemeji alisema. "Visigino havifiki chini."

"Kipimo chako kilifutika. Nilipima kiti cha dada yako."

Shemeji aligeuka akalitazama benchi la mbele, tupu sasa, refu kuliko wenzake.

"Alinizidi urefu wa miguu yule," alisema. "Liache hivyo hivyo. Nitaleta kitu cha kukanyagia."

Wakaelekea mlangoni polepole, yeye na mkongojo, fundi akishika benchi moja baada ya jingine, yote ishirini na moja yakimngoja.