Jina Langu Kwenye TV

Kile kifaa kililetwa na mama mmoja aliyetoka Kanada kuja kuzika hapa Ruiru. Kinatoshea kiganjani, na karimoti kake. Binti yangu Wangechi, anayeishi huko, alikuwa amenitumia ujumbe: Baba, tumenunua TV mpya, hicho tulikuwa tunatumia kwa ile ya zamani, utatazamia sinema kwa mtandao. Chomeka tu.

Chomeka tu! Plagi yenyewe ilikuwa na meno mawili bapa, na ukuta wangu una mashimo matatu. Nikaenda mpaka Thika, kwa Kiran wa vitu vya stima, akanitafutia adapta huku akicheka.

"Mzee umetembea nchi hizi zote, na hujui stima ya watu haifanani na yetu?"

"Mimi nililala kwa malori, Kiran. Malori hayana soketi."

Ni kweli nimetembea. Moyale, Arusha, Kampala, Juba. Wangechi alilelewa Ngoliba na mamake, Waithira, na mimi nilikuwa yule mtu wa kufika Disemba na mkate. Sijui kama alinisamehe au alizoea tu. Simu zetu ni fupi: uko poa, niko poa, Mungu ni mwema. Kwa hivyo kifaa hicho sikukitakia sinema peke yake. Nilitaka kujua kama bado ananihesabu.

Mtandao ulikuwa wa Mulei, fundi wa mabomba wa mlango wa pili. Alikuja kuniunganishia, na Ndegwa akamfuata. Ndegwa nimezeeka naye, na hawezi kupitwa na jambo. TV ikawaka, ikauliza kwa Kizungu ni nani anatazama. Chini kulikuwa na vichwa vya rangi na majina: Wangechi, mumewe Wainaina, kijana wao wa kwanza Njau, kisha Gachau, na mwisho kabisa, Mgeni.

"Heh!" Ndegwa akaruka. "Gachau! Wamekuweka ndani!"

Nilijifanya natafuta miwani, na ilikuwa usoni.

Nikabonyeza jina langu. Zikaja katuni tupu. Sungura, na matrekta yanayoongea.

"Binti yako anakujua," Ndegwa akasema. "Amekuwekea za darasa lako."

"Anajua nilisoma kwa vipande. Ameniwekea zenye picha mingi."

Walicheka, nami nikacheka, lakini niliyaamini hayo maneno yangu.

Mulei akatuonyesha pa kutafuta ndondi na sinema za vita. Nyingine zilikataa, zikasema hazipatikani nchini mwetu. Saa ya kwenye kona ilibaki ya huko, na hali ya hewa pia: sisi tunajipepea na gazeti, TV inasema nje kuna theluji. Hiyo niliipenda. Kila alasiri tulikuwa hapo, na nikienda Kamakis kula nyama nilimwambia kila mtu kwamba familia yangu ya Kanada imeniandika jina. Matrekta yakapungua, damu ikajaa skrini nzima.

Jumamosi moja jua likiwa bado juu, Wangechi akapiga simu ya video. Niliishika mbali kidogo ili wenzangu nao wamwone.

"Baba, huko ni nani anatumia Gachau?"

"Si ni mimi! Na asante sana kwa kuniweka, mami. Hata sikukuwa nimekushukuru."

Akasogeza uso karibu na simu. Nilidhani ni mtandao.

"Baba," akasema polepole, "Gachau ni kijana wangu wa pili."

Kwetu hilo si jambo la kuambiwa. Kijana wa kwanza hupewa jina la babake bwana, wa pili la babake mama. Mtoto yeyote wa Ngoliba anajua. Huyo alipozaliwa nilikuwa Moyale. Nikapata ujumbe kwamba wamepata kijana mwingine, nikajibu Mungu awabariki, nikapanda lori. Jina sikuuliza. Tangu hapo nikipiga nasema, watoto wako poa? Watoto, basi, vile mtu huulizia kuku wa jirani.

Ndegwa akatazama viatu vyake. Mulei akatoka, eti ameacha maji kwa jiko.

"Kwani hukujua?" Wangechi akauliza. Sauti haikuwa na hasira. Ingekuwa na hasira ningepata pa kushika.

"Nilijua. Nilisahau tu."

"Ni sawa, Baba."

Nyuma yake sauti ndogo ikauliza kwa Kizungu kama huyo ndiye guka, babu mwenye jina lake, na kwa nini guka amemfukuzia matrekta kwenye TV yao.

"Ndiye. Kuja umsalimie."

Nikasema mtandao unasumbua. Nikakata.

TV ikabaki inapigana peke yake.

"Mpigie mtoto," Ndegwa akasema.

"Nimwambie nini?"

"Muulize anaitwa nani." Nilipomkazia macho akainua mikono. "Basi, si sasa unajua? Mwite."

Alipoondoka nilitafuta matrekta. Nikayafungulia moja baada ya lingine, nikayatazama yakilima na kuimba, kwa sababu Mulei alisema mashine hurudisha kile unachotazama. Yaliporudi mbele nikatoka kwenye jina hilo, nikashuka mpaka Mgeni. Ndilo nililokuwa nimewekewa. Likafunguka, na hapakuwa na kitu. Likaniuliza napenda nini, nichague, ili lianze kunijua.

Sikuchagua. Nilizima, nikampigia Wangechi bila video, nisionekane uso.

Simu ilishikwa na mtoto.

"Gachau," nikasema. Maisha yangu yote hilo jina nimeitikia tu. Sikuwa nimemwita mtu nalo.

"Yes, Guka?"

Ananingojea niseme, na mimi, mtu wa maneno barabara nzima, naanzia kwa matrekta: anapenda lipi?