Kigae cha Mdomo wa Chungu

...na mkono wake bado umenyooka, mmoja unakanda, mmoja unangoja, mama mkwe anataka kigae cha mwisho tukiponde tukichanganye na udongo, udongo mtupu hupasuka motoni, anasema, wanisikia Zena, naam mama, nasikia, lakini vidole vyangu havifunguki, maana hiki ni kipande cha mdomo wa chungu, hapa ndipo Mrisho wangu aliponywea maji ya mganga, risasi za Mdachi zigeuke maji, sharti asimguse mkewe mpaka vita viishe, na alfajiri ya kuondoka... Mola nisamehe, mimi ndiye niliyemvuta shuka, mimi, akaenda anacheka, siku ya nne tukaletewa habari... na tukakimbia, ghala zinaungua nyuma yetu, kila mtu na mzigo wake kichwani, na mama mkwe huyu, mama Tabu, kati ya vyote, akabeba vigae! nikasema amerukwa na akili, mfinyanzi hulia gaeni lakini sisi hata cha kulia hatuna, chungu cha nini, mama, naye akanijibu, mtama ukiota tena, utapikia kiganjani?... mtazame sasa, goti moja chini, anakunja, anabonyeza, anakunja, mikono ya mwanamke aliyepoteza wana wawili siku moja na hakuosha maiti hata mmoja, na haitetemeki, tangu amwagie udongo maji ya kwanza pumzi yake imetulia, na yangu imeifuata, ajabu, njaa nimeisahau tangu asubuhi, nampenda mwanamke huyu, sijapata kumwambia, na angejua nilichofanya angenitemea mate...

"Huseni naye alinywea humo humo," anasema, hanitazami, anachokoa kijiwe kwenye udongo, "wala hakuwa na mke wa kumgusa, mwanangu. Hata mchumba."

...nini? nimesikia sawasawa? anakanda tu, kama aliyesema jua kali leo... kumbe anajua, amejua njia nzima kutoka milima ya Umatumbi mpaka hapa Kibiti, anajua na kila jioni alinipa mimi kiazi kikubwa akala yeye kidogo, ya Rabi, moyo gani huu... na Huseni, shemeji yangu maskini, aliyeshika miiko yote, aliyekataa hata kupokea kata ya maji mkononi mwangu, siku ile ile, risasi zile zile... basi si mimi, si mimi niliyemuua Mrisho, yalikuwa maji, maji tu kama haya ya kulainishia udongo, na ninalia, acha nilie, ni kilio cha mume wangu hiki, si cha dhambi...

"Kigae, Zena. Udongo unakauka."

...mkono wake bado umenyooka, matope mpaka kiwikoni, na kigae kimenikata kiganja wala sikuhisi...

"Niachie, mama. Nitakiponda mwenyewe."