Kiti Alichokiacha Bi. Hanaoka

Oktoba ya mwaka 2015 Nyanchama alikuwa akilinda geti la tatu la uwanja wa riadha mjini Doha, uso kwa watu, mgongo kwa mbio. Zamu ilikuwa ya saa kumi na mbili na mlinzi haruhusiwi kuketi. Miguu ilikuwa imemvimba hata viatu akawa anavivaa bila kufunga kamba. Mwezi wa Agosti alikuwa ameanguka akiwa kazini kwenye jengo moja kule Lusail, na kampuni ikamwandikia barua: akianguka tena, anarudishwa kwao Kisii. Mkataba ulikuwa umebakiza miezi minane, na mwanawe Brandon alikuwa kidato cha tatu. Kwa hiyo Nyanchama alikuwa na kazi moja tu duniani, kutoanguka.

Asubuhi ya kwanza ya mazoezi ya mashindano ya dunia ya walemavu alifika getini mwanamke wa Kijapani mwenye mabega mapana kama ya mchukuzi wa soko la Kongowea. Alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu cha kila siku, akikokota nyuma yake kile cha mbio, chenye magurudumu matatu na pua ndefu. Nyanchama, aliyelelewa na nyanya asiyecheza na adabu, alimpokea kama mgeni anavyopokewa.

"Karibu kiti, madam."

Heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Mgeni aliuliza maneno hayo yana maana gani, na Nyanchama, jasho likimtoka, akaeleza kwamba kwao mgeni hakaribishwi mikono mitupu, anakaribishwa kiti. Kiingereza cha wote wawili kilikuwa cha kuazima, kwa hiyo kilielewana vizuri. Mwanamke alicheka mpaka kofia yake ya mbio ikaanguka.

"Basi mimi ni mgeni asiye na usumbufu," alisema. "Nimekuja na changu. Na chako kiko wapi?"

"Walinzi hatukai, madam."

Hapo akaacha kucheka.

Jina lake lilikuwa Mitsuyo Hanaoka, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja. Kila asubuhi alikaa getini kwa robo saa akipiga tupa glavu zake ngumu za kusukumia magurudumu, alizozifinyanga mwenyewe, na akisimulia. Ujanani alisimama miaka sita kwenye kiwanda cha vioo ambako kuketi kulikatazwa, mpaka siku rafu ilipomwangukia mgongoni. Kwenye Paralimpiki ya Athene, mwaka 2004, alipinduka kwenye kona ya kwanza. Beijing alipata shaba. London alikuwa wa nne, na wa nne, alisema, hurudi nyumbani na begi jepesi. Kwenye kiti cha mbio hukai, unapiga magoti, na mikono ndiyo inayokimbia. Alimwonyesha Nyanchama viganja vyake, na Nyanchama, ambaye alikuwa amelima tangu utotoni, hakuwa ameona sugu za namna ile. Alimpenda mama huyo papo hapo.

Siku ya tatu Bi. Hanaoka alipokwisha kuingia uwanjani, Nyanchama alirudi nyuma hatua moja na kitu kikamgusa nyuma ya magoti. Hapakuwa na kitu. Alipapasa hewa na kukuta kiti, chenye mgongo na pa kuwekea mikono, kikiwa na joto bado.

"Ndiyo," alisema Bi. Hanaoka kesho yake. "Nikikaa sana mahali, kiti hubaki. Athene kipo kimoja, mwuza maji hukitumia. Beijing wanalala njiwa. Hiki nimekiacha makusudi."

Habari ikamfikia Augustine, supavaiza, Mganda mwenye roho nzuri na daftari kubwa. Alikuja kukagua, akajigonga ugoko, akaketi kidogo, akainuka.

"Kiko sawa, sista. Lakini sheria ya kutoketi haijasema ni lazima kiti kionekane."

"Najua, bosi. Miguu ndiyo haijui."

Augustine aliitazama ile miguu kwa muda. Siku ya fainali ya mita mia nane, kengele ya kuwaita wakimbiaji ilipolia, alirudi getini na kugeukia upande wa maegesho.

"Dakika mbili," alisema. "Mimi sijaona kitu. Na ukweli wa Mungu, sijaona."

Nyanchama aliketi, mara ya kwanza kazini tangu ashuke kwenye ndege, akaugeukia uwanja. Bi. Hanaoka alikuwa wa mwisho mzunguko wa kwanza. Kisha mabega yake yakaanza kushuka na kupanda, glavu zikipiga magurudumu kama watu wanaotwanga kwa zamu, akampita mmoja, akawapita wawili, vijana ambao angeweza kuwazaa. Alimaliza wa pili, akishindwa kwa upana wa kiganja. Nyanchama alilia kwa furaha bila kujificha. Alikuwa hajawahi kuona mtu mwenye nguvu kama yule, na uvimbe wa miguu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vifundo.

Bi. Hanaoka aliondoka Jumapili. Alimwachia Nyanchama glavu moja, na kiti.

Wiki hiyohiyo mudiri, mkuu wa kampuni, alisikia habari za kiti. Hakushangaa, alikuja na msaidizi wake, akaketi, akasifu mgongo wa kiti, akaagiza kamba nyekundu izungushwe na kibao kiwekwe: Wageni Mashuhuri Tu. Kwa kuwa kiti hakionekani, na mtu yeyote angeweza kukikalia kwa bahati mbaya, alitaka awekwe mlinzi anayejua hasa mahali kilipo. Augustine aliandika jina moja kwenye daftari lake, kwa mwandiko mdogo.

"Nisamehe, sista."

"Si wewe, bosi."

Nyanchama alikilinda vizuri. Saa kumi na mbili kila siku alisimama kando yake, na katika siku zote hizo wageni mashuhuri waliokikalia walikuwa watatu. Wiki ya tano, saa tisa alasiri, miguu ilikataa. Alihisi magoti yakienda, akajua ana muda wa kuchagua upande wa kuangukia. Kiti kilikuwa kulia. Aliangukia kushoto, nje ya kamba, kama sheria ilivyotaka.