Nakala Zilizorudi Safi

Ofisini waliniita Kimya, nami sikuchukia. Miaka minne nilikuwa kwenye chumba cha usambazaji, nikifunga jarida letu la wanawake katika vifurushi na kupokea nakala zilizorudi bila kuuzwa. Mkuu wetu alipoacha kazi, niliishika nafasi yake miezi miwili bila cheo. Siku ya kikao cha kumchagua mkuu mpya, meneja wa mauzo alikuja na karatasi yenye jina la mtu wake, mwenye vyeti vyake. Mimi nina cha shule ya msingi tu.

Mhariri wetu, mama mfupi asiyependa kelele, alikuwa amenikuta zamani nikizichungulia nakala zilizorudi, moja moja. Akaniuliza naona nini. Tangu siku ile, kila mchana baada ya kula, alinikalisha mezani kwake niandike nilichoona. Nikikosea hakunisahihishia.

"Soma tena, mwanangu. Utapaona mwenyewe."

Basi siku ya kikao akaniita ndani. "Haya, binti yangu, waeleze."

Nikaweka mezani mafungu mawili ya nakala zilizorudi.

"Haya yalipelekwa saluni Jumatatu. Yamerudi safi, hata kufunuliwa hayakufunuliwa. Haya ya Ijumaa ni machache, maana mengi yalinunuliwa. Na angalieni yalivyo: mafuta ya nywele kila mahali, kurasa za mishono zimechanwa. Wateja hujaa mwisho wa wiki. Jumatatu wenye saluni wanapiga miayo tu."

"Na mimi nimekuwa nikiilaumu picha ya jalada!" meneja alisema. "Lakini tuseme ukweli jamani, ripoti za kila mwezi ataandika nani? Huyu Kimya..."

"Hajamaliza," mhariri alisema, sauti ileile ya chini.

Nikatoa ripoti yangu, kurasa tatu za mkono wangu. Meneja akaisoma yote, tena taratibu.

"Umeandika mwenyewe?"

"Mwenyewe, bosi. Hapo wino ulipotapakaa ni jasho langu."

Chumba kizima kikacheka, naye akacheka. Akaikunja ile karatasi yenye jina la mtu wake, akaitia mfukoni. "Basi mpeni. Kumbe Kimya ana mdomo!"

Nilimfuata mhariri ukumbini nimshukuru, machozi yakinilenga. Akanishika bega.

"Nenda bwana, utalia nyumbani. Madereva wanakungoja."

Mpaka leo nikimwombea mama aliyenizaa, huyu naye namtaja palepale, bila kuvuta pumzi katikati. Angeweza kunisemea, ikaisha. Lakini aliniachia niseme mwenyewe, akawazuia tu wasinikatize.

Sikungoja kufika nyumbani. Nilipanga njia za Ijumaa huku machozi yakidondokea karatasi, na dereva mzee, aliyezoea kuniita "we mtoto", akavua kofia.

"Haya, mkuu, tuanzie wapi?"