Maiti Mifuko Arobaini

Niseme mapema ili lawama zisitafute mwenyewe: wazo la kupita njia halali lilikuwa langu. Miaka kumi na moja sisi wanawake wa Siavonga, upande wa Zambia, tumevusha dagaa wetu wa ziwani kwenda Zimbabwe kwa njia tunazozijua wenyewe. Chini ya viti vya basi. Ndani ya mapipa yenye mahindi juu. Safari moja mwenzetu Esnart aliwafunga tumboni akavuka daraja la mpakani la Chirundu akiwa na mimba ya miezi tisa, na hiyo ilikuwa mimba yake ya nne mwaka ule. Askari alimpongeza.

Mimi nikaenda semina Lusaka, semina ya kuuza bidhaa nchi jirani. Tulipewa chai, kalamu, na kitabu chenye picha ya watu wawili wanapeana mikono. Nikarudi nimevimba kichwa. Nikasimama kwenye mkutano wa kikundi nikasema imetosha, sisi si wezi, tutauza dagaa kwa karatasi. Nilikwishampata mnunuzi, duka kubwa la Harare. Sharti lake lilikuwa moja: mifuko arobaini ifike Alhamisi kabla ya saa kumi jioni, na karatasi zote. Ikifika, atachukua arobaini kila mwezi. Isipofika, tusimsumbue tena.

Wanawake kumi na tisa wakatoa dagaa wao wa mwezi mzima. Esnart alitoa mifuko sita. Akaniambia mbele za watu, kwa jina la mwanangu, "Bina Luyando, hawa wakirudi, hiyo kalamu yako ya semina utaitafuna."

Jumatano asubuhi lori letu likavuka daraja. Dereva alikuwa Mzimbabwe mmoja wa kukodi, Gideon, mtu wa kulala. Alizima gari, akatoa miguu dirishani, akaanza kukoroma. Mimi nikashika faili langu nikaingia ofisini. Cheti cha afya ninacho, cha uzito ninacho, cha mahali walikovuliwa ninacho. Siku hiyo hata tembo waliokuwa wanapita kati ya malori niliwaona wamenipisha.

Meza ya samaki alikaa Bwana Chidziva. Shati limenyooshwa, kovu sikioni, kofia ya kazi kichwani. Alifungua faili, akasoma, akafunga, akasogeza kiti nyuma.

"Mama, umebeba nini humo?"

"Si imeandikwa, baba. Dagaa."

"Usiwataje kwa sauti." Akainama. "Mimi ni mtu wa Dziva."

Nikaelewa, nikachoka. Kwa wale ndugu zetu wa ng'ambo kila ukoo una mnyama wake wa mwiko, na ukoo wa Dziva ni samaki. Hawali samaki hata wafe njaa. Lakini kutokula ni jambo moja.

"Sawa, Dziva," nikamwita kwa heshima ya ukoo wake. "Sikukaribishi mezani. Nakuomba muhuri tu."

"Unaniomba nisaini kuuzwa kwa ndugu zangu. Tena kwa kilo!"

"Basi nipe mwenzako."

"Mwenzangu ana zamu Jumanne."

"Leo Jumatano!"

"Ndiyo maana nipo mimi."

Nilitaka kumpiga na faili. Akaniambia taratibu, na haki ya Mungu hakuwa anatania, kwamba ndugu zake wanaweza kuvuka mpaka kwa njia tatu. Kama wageni, na hapo kila dagaa awe na pasipoti yake. Kama maharusi, na hapo nilete mshenga tuzungumze mahari. Au kama maiti. Akatoka nje, akachungulia mfuko wa kwanza nyuma ya lori, dagaa wakamtazama kwa yale macho yao makavu. Akavua kofia.

"Naona ni maiti," akasema.

"Haya, na maiti wanatakiwa nini?"

"Fomu ya maiti, na mfiwa wa kuwapokea upande huu."

"Mfiwa nani sasa, jamani?"

"Mimi," akasema.

Akarudi ndani, akafunga dirisha, akaketi sakafuni. Mtu aliyefiwa hafanyi kazi, kila mtu anajua. Nikamkimbilia mkuu wa ofisi. Mkuu akaja, akachungulia, akamwona mtu wake amekaa chini ameshika tama, akasema, "Pole sana, Dziva," akaondoka kwa kunyata. Nikamfuata nikipiga kelele kwamba ni dagaa, dagaa! Akaniambia niwe na utu. Nikazunguka meza zote mpaka ofisi zikafungwa, na kila niliyemweleza aliishia kumpa pole Chidziva. Mmoja alimpelekea unga.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nimesimama kando ya lori, nalia kwa hasira. Nilimtukana Chidziva kuanzia unyayo kwenda juu, na nilipofika kwenye sikio lake lenye kovu, miguu ya Gideon ikaingia ndani ya dirisha na kichwa kikatoka.

"Mama, umesema Chidziva? Mwenye kovu sikioni? Wa Chivhu?"

"Sijui wa wapi! Wa kuzimu!"

"Lile kovu nilimpa mimi, tukichunga ng'ombe." Alikuwa tayari anavaa viatu. "Mimi ndiye sahwira wao! Babu yangu alimzika babu yake. Kwa nini hukuniambia kuna msiba?"

"Ungeamka?"

Sahwira ni mtani wa ukoo, na kule msiba ukiingia nyumbani, amri zote ni zake. Mfiwa hana kauli. Sahwira akitaka kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza, anafanya. Akitaka kumtukana mjane, anamtukana, na mjane anacheka huku machozi yanamtoka.

Gideon aliingia ofisini bila kubisha hodi. Akamtazama Chidziva pale sakafuni.

"Wewe mbilikimo wa Dziva! Unaficha msiba ili usinilishe?"

Chidziva akainua uso, na nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Alifurahi. "Gideon," akasema, "wamekufa wengi."

"Kifo cha wengi harusi! Lete hiyo kofia."

Akaivaa kofia ya serikali. Akakaa kwenye kiti cha serikali. Akatoa macho, akabana mikono mbavuni, akafungua na kufunga mdomo bila sauti, dagaa mtupu, akiogelea ofisi nzima kutoka meza hadi meza. Makarani wakaanguka kwa kicheko. Madereva waliokuwa kwenye foleni wakajaa dirishani. Mkuu wa ofisi akatokea mlangoni. Gideon akamnyooshea kidole akamwambia akatafute kuni, na mkuu akaenda kweli.

Kisha akavuta fomu ya maiti, akaanza kuandika kwa sauti.

"Jina la marehemu: Dagaa na wenzake. Idadi: mifuko arobaini. Kazi: kuogelea. Chanzo cha kifo?" Akanigeukia. "Mama, ulikuwepo. Walikufaje?"

"Tunawavua kwa taa," nikasema. "Wanaifuata."

"Walifuata taa." Akaandika. Chidziva akajifunika uso kwa mikono akalia kwa sauti, na mama mfagiaji akaja akaketi naye.

Gideon akapiga muhuri kama anaua mende. Akafunga kitambaa chekundu mbele ya lori, kama ilivyo ada ya msiba, tukaondoka. Saa nne asubuhi. Nilihesabu masaa kwa vidole: tukienda vizuri tutawahi.

Tulikwenda vizuri mno. Njia ile ina vizuizi vya polisi, na kila kizuizi kinajua njaa yake. Siku hiyo wote walivua kofia. Magari yalitupisha, watu walisimama kando ya barabara, na baada ya mji wa Karoi tayari tulikuwa na magari matatu nyuma yetu yanayotusindikiza, sijui ya nani.

"Gideon," nikamwambia, "huyu rafiki yako ni mwendawazimu."

Hakucheka safari hii. "Baba yake alifariki mwezi wa pili. Akaomba ruhusa akazike, wakamnyima. Malori yalikuwa mia sita kwenye foleni. Tulimzika mzee bila yeye. Wakati mimi namwigiza marehemu kule Chivhu, huyu alikuwa anapiga muhuri maiti za watu wengine." Akabadilisha gia. "Mtu asiyelia msiba wake atalia wowote utakaopita."

Nilikuwa bado na hasira zangu, na sikutaka mtu anipokonye.

Tukafika dukani saa tisa na nusu. Mnunuzi, Bwana Machingura, alikuwa mlangoni na saa mkononi, anatabasamu. Nikampa karatasi kwa mikono miwili. Alisoma. Tabasamu likaondoka.

"Mama, hii inasema maiti."

"Ni dagaa, baba. Wanuse."

"Siwezi kunusa maiti. Hapa kuna muhuri wa serikali, maiti, mifuko arobaini. Mimi nauza chakula. Niwaweke rafu gani?"

"Nimewahi! Bado saa kumi!"

"Umewahi, sikatai. Ila umewahi kuzika." Akanirudishia karatasi, na mlinzi wake akavua kofia. "Niletee mwezi ujao na karatasi inayosema samaki, nitachukua. Hawa wapeleke wanakopokelewa. Na pole."

Nilikaa kwenye ukingo wa barabara mbele ya duka lile. Akilini nikamwona Esnart na ile kalamu. Niliwaona wale wanawake kumi na tisa wamekaa kimya, na kimya chao kilinitisha kuliko matusi. Wasingenisikiliza tena maishani.

Gideon ndiye aliyetupeleka soko la Mbare. Hatukuwa tumezima injini, mama mmoja akauliza msiba ni wa nani, mwingine akanusa hewa, akapanda gurudumu, akapiga vigelegele. Wale waliotusindikiza tangu Karoi walikuwa wa kwanza kununua. Wanawake waliimba wakipima kwa vikombe. Mtu mmoja aliniuliza karatasi, nikampa ile ya maiti, akafungia dagaa wake. Jua halijazama, lori likabaki na magamba.

Basi hela za wanawake wangu nilikuwa nazo. Lakini njia halali? Njia halali ilikuwa imenishinda, na Jumamosi nikiwa ndani ya basi la kurudi nilikuwa natunga maneno ya kumwambia Chidziva nikimwona. Tangu Karoi natunga. Mengine yalikuwa mazuri sana.

Basi liliposimama kabla ya daraja, nilimwona. Hakuwa zamu. Alivaa suti nyeusi na joto lile, jasho linamtoka, ameshika kofia. Gideon alikuwa amempigia simu kumwambia basi gani. Nikashuka na maneno yangu yote mdomoni.

Akaniwahi. "Mama, walizikwa vizuri?"

Nikamtazama. Macho yake yalikuwa yananisubiri kama ya mtoto wa mtu.

"Walizikwa vizuri, Dziva," nikasema. "Watu walikuja wengi, hujapata kuona. Magari yalisindikiza tangu Karoi. Wanawake waliimba. Hakuna aliyerudi nyumbani na njaa."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi. Akalia pale barabarani, bila kuficha uso, na mimi nikamshika mkono. Kondakta wetu, kondakta wa Kizambia mwenye haraka zake, hakupiga mluzi.

Alipomaliza akajifuta, akavaa kofia. "Mama, mwezi ujao lete mzigo Jumanne. Mwenzangu Mukanya ni mtu wa ukoo wa nyani. Kwa samaki, atakusainia hata ziwa zima. Ndizi tu usimletee, anasema ni chakula cha wazazi wake."

Damu ikanipanda upya. "Na kwa nini Jumatano hukumpigia simu huyo Mukanya aje anisainie?"

"Jumatano," akasema, "nilikuwa na msiba."