Mashine Iliyoshona Peke Yake

Nyumba nyingine hupata amani kelele zikikoma. Nyumba ya fundi cherehani ilikuwa kinyume. Pale, kelele zikikoma, mtu aliacha kazi akakimbia.

Mwenye kelele alikuwa mdogo wake fundi, kijana mrefu, mkavu kama ufito, aliyejiita Kutu. Mama yao, Mungu amrehemu, alimpa jina zuri tu, lakini mwenyewe alisema jina lile la upole haliwezi kuandikwa juu ya kanda ya metali. Metali ndiyo muziki aliodai anaufanya, kama ule tunaweza kuuita muziki. Gitaa lilipitishwa kwenye redio mbovu, redio ikapitishwa kwenye amplifaya iliyotoboka spika, na pembeni vilining'inizwa kipande cha bati, springi za godoro na sufuria lisilo na mpini, vyote akivigonga kwa nyundo. Juu ya hayo alinguruma. Mpangaji mpya akihamia mtaani, wiki yake ya kwanza lazima aje kuuliza nani anachinjwa. Lakini huko nchi za mbali kulikuwa na watu wasiomjua kwa sura, wakiagiza kanda zake na kumwandikia kwamba yeye ni moto wa kuotea mbali. Fundi aliposomewa ujumbe mmoja alitikisa kichwa. "Kweli Mungu kaumba watu wengi," alisema.

Kelele zenyewe fundi angezivumilia. Kilichomnyima usingizi ni unga. Kutu alikuwa teja, na tusizungukezunguke kulitaja neno. Alianza kwa kujificha, akaendelea kwa kudanganya, na siku moja fundi, ambaye ni dada yake, alipokwenda kumwita ale, alimkuta sakafuni, gitaa liko kifuani likivuma sauti moja ndefu. Fundi alikuwa ameisikiliza sauti ile kupitia ukutani huku akipinda mikono ya mashati, akijisemea kwamba afadhali leo mtoto kapiga kitu cha kistaarabu. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Alikuwa ameufurahia ule utulivu.

Siku Kutu aliporudi kutoka hospitali, fundi alichukua bisibisi akang'oa komeo la mlango wa chumba chake, kisha akatoa amri.

"Ukiwa humo ndani, nikusikie. Ukinyamaza zaidi ya muda wa kugeuza kanda, naingia. Sibishi hodi."

"Dada, wewe ndiye mtu wa kwanza duniani kumlazimisha mtu apige kelele."

"Na wewe ndiye wa kwanza kukatazwa kunyamaza. Umesikia?"

"Nimesikia."

Wakaishi hivyo. Kila asubuhi Kutu alikwenda kliniki kunywa dawa yake mbele ya mhudumu, akarudi, akaingia chumbani, na nyumba ikaanza kutetemeka. Fundi alishona upande wa pili. Kati yao palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba tu, na meza ya cherehani iliuegemea. Kutu alikuwa ameibandika maiki ndogo kwenye mbao hizo kwa upande wake, kwa sababu, alisema, ukuta ule ukitikiswa unanguruma vizuri kuliko yeye. Shida ni kwamba ulitikiswa pia na cherehani. Kila kanda aliyorekodi ilikuwa na mashine ya dada yake ndani, tena mashine yenyewe kilema: gurudumu lilikuwa limelika meno upande mmoja, kwa hiyo ilikwenda mbio kisha ikachechemea, ikaenda mbio, ikachechemea. Fundi alijitolea kuihamisha meza.

"Thubutu!" Kutu alimwambia. "Wewe ndiye mpiga ngoma wangu."

Fundi alisonya. Jioni ile lakini aliipaka cherehani mafuta, akaifuta hadi ikang'aa.

Jambo moja Kutu hakulipenda kabisa ni kurudia. Kuna kisanduku ambacho wapiga gitaa hukikanyaga kwa mguu, nacho hukamata ulichopiga na kukirudia mpaka ukikanyage tena. Wao hukiita lupu. Rafiki yake aliyempigia ngoma zamani, mmoja anayeitwa Bati, alikuwa nacho, na Kutu alikuwa akimcheka. Kurudia ni kazi ya kasuku, alikuwa akisema.

Sasa njoo siku yenyewe. Bati alifika asubuhi, mkoba begani, shati la mikono mirefu kwenye joto lile. Alimsalimia fundi shikamoo akiwa anaitazama sakafu. Fundi aliitikia marahaba, akaitambua ile mikono mirefu ya mateja. Alitaka kumfukuza. Lakini Kutu alishatoka mlangoni, wakaingia chumbani wote wawili, na kupitia zile mbao fundi akasikia walivyokuwa wakibishana.

"Enzi zile ulikuwa unatisha, ndugu yangu," Bati alisema. "Kanda hii mpya umepiga kama mtu anayesubiri kunyolewa."

"Nipo timamu sasa. Ndivyo mtu timamu anavyopiga."

"Basi utimamu haukufai."

Fundi alisimamisha mguu juu ya pedali akangoja kusikia mdogo wake anamjibu nini. Alisikia zipu ya mkoba tu. Muda si mrefu Bati akatoka, mkoba umelegea kuliko alivyoingia nao, na fundi alipoinuka ghafla kumsimamisha, mkasi mkubwa ulimponyoka ukaanguka juu ya sakafu ya saruji kwa kishindo. Alipouokota, Bati alikuwa ameshaishia mtaani.

Kutu alitoa kichwa mlangoni. "Nini hicho?"

"Mkasi. Huyo kakuletea nini?"

"Kisanduku chake. Kaniazima."

"Wewe na kisanduku wapi na wapi? Si ulisema ni cha kasuku?"

"Najaribu tu, dada." Kisha, kwa upole usiokuwa wa kawaida yake: "Leo una kazi nyingi?"

"Majoho ya kwaya. Mwalimu wao anakuja kujaribisha."

"Basi shona. Nitakuwa napiga." Akaurudisha mlango. Fundi akasikia kitu kizito kikiburutwa sakafuni, amplifaya labda, kisha gitaa likaunguruma, nyundo ikalipata bati, na ukuta ukaanza kutikisika kama kawaida. Alikaa. Akashona, na katikati ya mshono mkasi ukamponyoka tena ukaanguka kwa kishindo; aliuokota akaendelea. Alijiambia kwamba maadamu anasikika, yupo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na huyu mama alikuwa ameshika nguo mikononi asubuhi nzima.

Mwalimu wa kwaya alifika jua likiwa limekwisha kupanda. Lilikuwa jitu la mtu, mwimba besi, kifua kipana kama mlango wa ghala, na alikuwa na neno juu ya kila kitu. Alivaa joho, akasimama katikati ya chumba, na fundi akapiga magoti kupima pindo, pini zimejaa mdomoni.

"Mama fundi," mwalimu alisema kwa sauti ya juu ili asikike, "huyu kijana anahitaji maombi. Hizi ni sauti za kuzimu hizi."

"Mmh," alijibu fundi kupitia pini.

"Mimi nina masikio. Nimefundisha kwaya hadi mvi. Hapa hakuna sauti ya kwanza, hakuna ya pili. Ni vurugu tu." Akasikiliza kidogo, kama mtu anayeonja mboga asiyoipenda. "Ila mnashona vizuri kwa kufuata mdundo, nakusifu. Huyo msaidizi wako yuko wapi?"

Fundi aliinua uso.

"Nani?"

"Huyo anayeshona."

Fundi hakuwa na msaidizi. Hakuwahi kuwa naye. Aligeuka akaitazama cherehani yake. Ilikuwa imetulia mezani, sindano juu, kipande cha kitambaa kimebanwa chini ya mguu wa chuma, gurudumu halitembei. Na bado aliisikia. Chini ya gitaa, chini ya bati na ule mngurumo, mashine ilikuwa inashona. Ilikwenda mbio, ikachechemea, ikaenda mbio, ikachechemea. Kisha, kwa kishindo, mkasi ukaanguka juu ya saruji.

Mkasi ulikuwa mapajani mwake.

Akabaki hapo amepiga magoti. Ukavuma mngurumo, mashine ikakimbia, ikachechemea, na mkasi ukaanguka tena, pale pale, kwa kishindo kile kile. Alikuwa akijisikiliza yeye mwenyewe wa asubuhi. Mdogo wake alikuwa ameikamata nyumba nzima ndani ya kile kisanduku na kuiacha ijiimbie, na yeye kwa muda wote huo alikuwa akishona kwa amani, akiamini anamsikia mtu aliye hai.

Alitema pini zote sakafuni.

"Mlango!" alipiga kelele. "Mwalimu, nisaidie mlango!"

Haukuwa na komeo, ila ulikuwa umezibwa kwa amplifaya. Fundi alisukuma ukagoma. Mwalimu, joho likiburuzika, alimsogeza kando akaweka bega, na mlango ukaachia huku amplifaya ikisaga sakafu. Kelele za ndani ziliwapiga usoni. Kutu alikuwa amelala ubavu chini ya bati linaloning'inia, midomo imegeuka rangi ya majivu, na kando yake kulikuwa na vile vitu ambavyo fundi alivijua na hakutaka kuvitazama. Kisanduku kiliwaka taa nyekundu, kikiimba.

Fundi aling'oa waya ukutani. Kukawa kimya cha kutisha, na ndani ya kimya hicho akainamisha sikio kwenye mdomo wa mdogo wake. Hakusikia pumzi. Kisha ikaja moja, nyembamba, ya kukoroma, na baada yake hakuna.

Mhudumu wa kliniki alishamfundisha. Inua kidevu, ziba pua, mpulizie. Alipuliza, lakini alikuwa akilia, na pumzi ya mtu anayelia haifiki popote. "Amka, mpumbavu wewe! Amka!" Akapuliza tena, ikatoka pembeni.

"Nipishe," alisema mwalimu wa kwaya.

Alipiga magoti, pini za pindo zikamchoma magotini asijali, akavuta hewa kama anavyovuta kabla ya ubeti mrefu, akampulizia. Kifua cha Kutu kiliinuka. Akampulizia tena kikainuka. Mtu yule aliyekuwa akinena habari za kuzimu muda mfupi uliopita alikaa pale akimpa pumzi teja wa kuzimu, taratibu, bila kukosea mdundo, huku fundi amekimbilia barabarani kutafuta gari. Walimpakia wakiwa hivyo hivyo, mwalimu na joho lake, hakuacha hadi walipomkabidhi kwa watu wa hospitali na Kutu akachomwa sindano inayovunja nguvu za unga.

Alipofumbua macho alimwona dada yake. Fundi alikuwa amepanga la kumwambia. Alikuwa nalo refu, lenye matusi. Likaishia kulia tu, ameshika mguu wa kitanda.

"Umejuaje?" Kutu aliuliza, sauti imemkauka.

"Nilijisikia nikishona. Na sikuwa nashona."

Kutu alifunga macho. "Maiki ya ukutani," alisema. "Nilisahau kuizima."

"Wewe? Unayesikia nzi akitua kwenye bati?"

Kutu aligeuzia uso ukutani. Fundi angetoa chochote ajue kama mdogo wake alisahau kweli, au kama kuna kipande cha moyo wake kilichouacha ule mlango wazi kwa makusudi. Hakuuliza tena. Aliogopa jibu.

"Nilifikiri mara moja tu," Kutu alisema baadaye. "Nimalize kanda. Dada, nikiwa timamu haingurumi. Nasikia mwenyewe kwamba haingurumi."

"Basi isingurume. Muziki gani huo unaodai maiti?"

"Ndio kitu pekee ninachokijua."

"Kijue ukiwa hai," alisema fundi. "Pigia watu kanda mbaya. Mimi nitaisikiliza."

Mwalimu wa kwaya alirudi kuchukua majoho wiki nyingine, magoti yamefungwa plasta. Alisikiliza kelele zilizokuwa zikitoka chumbani, akakunja uso. "Bado ni za kuzimu," alisema. "Lakini apige. Apige sana." Kisanduku hakikurudishwa kwa mwenyewe, Kutu alikisaga kwa nyundo mbele ya dada yake, na bila shaka alirekodi. Mlango pia uliondolewa kwenye bawaba zake ukasimamishwa uani, ambako kuku wa jirani waliufanya kivuli.

Lakini sikio likishadanganywa halirudi kuwa kama zamani. Hata sasa fundi akishona, kelele zikimjia kupitia uwazi ule, huweza kufika katikati ya pindo akainua mguu ghafla kutoka kwenye pedali. Hatoi onyo. Anasimamisha mashine na kusikiliza kama bado inasikika ndani ya kelele.

Kutu anajua. Mashine ikikatika, naye anakata, gitaa, bati na mngurumo, vyote kwa pamoja, na nyumba inanyamaza.

"Nipo, dada," anaita kutoka ndani.

Ndipo fundi huurudisha mguu. Siku nyingine Kutu huchelewa kidogo kuita, pengine kwa sababu anaweka nyundo chini, pengine anameza mate. Katika kuchelewa huko fundi huwa hapumui.