Ndugu wa Mama George

…na hapa chini, penye nukta nukta, ndipo ninapotakiwa kuandika jina langu, Apolonia, herufi nane tu, nimeziandika tangu darasa la kwanza pale Ushirombo, leo mkono hautaki, na Mama George yuko kwenye kochi anasema dada, ni karatasi ya kawaida tu, nimeichapisha steshenari asubuhi, weka sahihi niwahi dukani, nami naisoma tena polepole, kwamba mimi ni ndugu yake, naishi kwake kwa hiari, si mfanyakazi, sidai wala sitadai haki yoyote ya kazi… Ee Bwana, miaka sita napika, nafua, George nimembeba mgongoni hadi akatembea, sasa yuko darasa la kwanza, na leo eti sijawahi kufanya kazi… hofu hii kaileta Salome wa nyumba ya pili, kamshtaki bosi wake, wameitwa kwenye usuluhishi, na mtaa mzima hapa Geita umeanza kuchapisha karatasi… Salome huyo ndiye aliyetukalisha baada ya misa, sisi tunaofanya kazi majumbani, akasema afisa kazi kamweleza kwamba hata wa jikoni anastahili mkataba, siku ya kupumzika kila wiki, likizo, na akifiwa na mtoto ana siku nne za msiba, mshahara unaendelea, na Dorika akasema tajiri wangu akisikia siku nne, msiba utakuwa wake, wakacheka, na Thobias wangu alikuwa na miezi miwili tu kaburini… mwanangu wa pekee, duara la wachimba dhahabu lilititia kule Kharumwa, shimo la watu wanne, wakatoka watatu… Mama George alilipia sanduku, sikatai, Mungu amlipe, akaja na gari lake mpaka makaburini kwetu Ushirombo, na mimi kwa kutaka heshima nikamsimamisha mbele ya watu nikasema huyu ni mdogo wangu, wasije wakasema Apolonia katoka mjini peke yake kama hana watu, wakampa kiti cha mbele, padre akamshukuru kwa jina… hilo ni kosa langu, na sasa ananiambia, "Si wewe mwenyewe ulisema mimi ni mdogo wako?"… nilisema, mama, nilisema… ila tulizika saa tisa, na saa kumi akanigusa bega, dada twende, George hana wa kulala naye, nikapanda gari na udongo wa kaburi miguuni, wanawake wa kwetu walikuwa wametandika mikeka wananisubiri mimi mama wa marehemu, wakalala bila mimi, wakanyoa bila mimi, siku ya kuanua matanga nilikuwa hapa napiga pasi sare za shule… ndugu gani anaondolewa msibani jua likiwa bado juu… na mdogo wangu gani huyu, ana miaka thelathini na mbili, mimi arobaini na saba, kila asubuhi mimi ndiye ninayesema shikamoo mama, naye anaitika marahaba bila kuinua macho kwenye simu… miaka sita sikuliona hilo, linanijia sasa hivi… basi siku ile nilikuwa nani, kama ni ndugu ningelala mkekani hadi mwisho, kama ni mfanyakazi ningepewa siku nne, mimi nilipata muda wa saa moja… "Dada, kalamu haiandiki?"… inaandika, mama, ni mkono… hasira sina, Bwana unajua, nimechoka tu, nikikataa ataniambia nifunge mizigo, na George atamwomba nani amfunge viatu, nikikubali nimejifuta mwenyewe… kila jioni naomba Thobias apumzike kwa amani, na mimi sijapata hata nafasi ya kumlilia, namlilia bafuni maji yakiingia ndooni, ikijaa nafunga bomba nanyamaza… anaangalia saa, nukta bado ziko tupu… mfanyakazi, neno nililolionea aibu mbele ya kaburi la mwanangu, halina kiti cha mbele, lakini siku zangu nne zimo humo… ile ya mazishi nihesabu moja, zimebaki tatu, nitamwambia, si kwa ubishi, nitamwambia mama, mimi ni mfanyakazi wako, nakwenda Ushirombo kwa mwanangu, siku tatu za kulia, na zote zina malipo.